Sare isiyo na upindo

Barua imetoka katika shule ya kati moja hapa Texas: kuanzia Agosti, wanafunzi wote wa darasa la 6, la 7 na la 8 watavaa sare. Fulana ya kola, suruali ya kaki au ya bluu iliyokolea, mkanda, na kuchomekea. Wazazi wa Kimarekani wamekuja juu. Wazazi wa kwetu, waliotoka Mbeya na Iringa, wametia saini bila kufungua ukurasa wa pili, kwa kuwa sare kwetu si habari mpya. Hapo ndipo panaponiuma. Ukurasa wa pili ndio wenye masharti yanayokula pesa ya mzazi.

Shule ya kati ni ya watoto wa miaka 11 hadi 14. Wazee waliosoma enzi za mkoloni watakumbuka shule za jina hilo hilo, darasa la 5 hadi la 8. Katika umri huo mtoto anaweza kurefuka sentimita 7 hadi 10 kwa mwaka, na fundi wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, analijua hilo bila kuambiwa. Anakata suruali, anaacha upindo wa vidole vinne chini, anaacha na akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma ya kiuno. Mwaka ukigeuka unamrudishia, anafumua, anashusha, anapiga pasi, mtoto anarudi darasani. Ndaga fijo, yaani asanteni sana kwa Kinyakyusa, mafundi wetu, kazi yenu thamani yake inaonekana ukiwa mbali. Suruali ya kiwandani huku haina akiba hiyo. Upindo wake ni kama sentimita 2 na nusu, na mishono ya ubavuni imekatwa na ovaloki, mashine inayokata na kufunga ukingo wa kitambaa, mpaka ukingoni. Huna cha kufumua. Kitambaa bado kizima, lakini suruali imekwisha kazi.

Sasa piga hesabu. Kwetu pea mbili zinatosha, mtoto anafua jioni, ingawa kwenye baridi ya Uyole, Mbeya, mwezi wa sita sweta hukaukia karibu na jiko. Huku familia nyingi za wageni hufua mara moja kwa wiki kwenye mashine za kulipia, kwa hiyo siku tano ni fulana tano na suruali tatu. Fulana isiyo na nembo ukiipata kwa dola 10 na suruali kwa dola 18, hizo ni dola 104, kabla ya mkanda, viatu na sweta. Watoto wakiwa wawili, zidisha. Bei ya kushonesha Mwanjelwa au Miomboni ya Iringa mnaijua wenyewe. Mashine ya kukaushia nayo inakula nguo: fulana ya pamba tupu hunywea, kola inajikunja. Soma lebo ya ndani, chagua mchanganyiko wa pamba na poliesta, na uanike. Nunueni ile wikiendi ya Agosti ambayo Texas husamehe kodi ya mauzo kwa nguo za chini ya dola 100 kila moja. Kodi hiyo hufika hadi asilimia 8.25.

Lakini kabla ya kununua kuna kikao cha wazazi na shule, na kwenye kikao ndiko tunakokosekana. Maswali ni mawili makubwa. La kwanza ni rangi. Shule nyingi hupenda kila darasa liwe na rangi yake ya fulana, la 6 nyekundu, la 7 bluu, la 8 nyeusi, ili mwalimu amtambue mtoto akiwa ukumbini. Kwa mzazi maana yake ni kununua upya kila mwaka, na mdogo hawezi kurithi nguo ya kaka yake. Ombeni rangi moja kwa miaka mitatu. La pili ni nembo. Ikidarizwa moja kwa moja kwenye fulana, mmefungwa kwa muuzaji mmoja na bei yake. Ombeni nembo ya kitambaa inayouzwa peke yake, mzazi aishone mwenyewe kifuani, kama tulivyozoea kufanya nyumbani.

Msiwaone wazazi wa huku wakorofi. Shule za serikali za Marekani hazikukua na sare. Long Beach, California, ndiyo wilaya ya shule kubwa ya mjini iliyotangulia kulazimisha sare, mwaka 1994, na Rais Clinton akalipigia debe jambo hilo katika hotuba yake ya Januari 1996. Na tangu 1969, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipowapa ushindi wanafunzi wa Des Moines, Iowa, waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita ya Vietnam, vazi hapa linahesabiwa kuwa linaweza kuwa kauli. Ubishi wao umetuletea faida sisi pia. Sheria ya Texas inataka siku 90 zipite tangu bodi ya wilaya ya shule ipitishe kanuni ya sare, ndipo ianze kutumika. Inataka bodi itaje chanzo cha fedha za kuwasaidia wanafunzi wasio na uwezo. Mwenye pingamizi la dhati la kidini au la kifikra anaandika barua kwa bodi ili mtoto asamehewe sare. Huo msaada wa fedha ombeni, msione haya; nenda kwa mshauri wa wanafunzi, uliza kwa maandishi. Kwetu shule za serikali zimeondoa ada na sare bado ni mzigo wa mzazi, kwa hiyo hatujazoea kwamba kuna mlango wa kugonga.

Nywele za kusuka za binti zenu msikubali zitajwe kwenye kanuni ya sare. Texas ina sheria inayozilinda tangu Septemba 2023.

Kwa anayejiandaa kuja na mtoto wa umri huu: fulana usibebe, zina rangi ya shule. Suruali bebeni, tatu, zilizoshonwa. Kanuni nyingi hutaja rangi na mtindo, si duka. Isiwe kaki, maana kaki ya huku ni ya rangi ya mchanga na ya kaptula za kwetu haifanani nayo. Iwe bluu iliyokolea, tetroni nzito. Mwambie fundi aweke lupu za mkanda sita au saba, kwa kuwa mkanda ni lazima, na asiweke mifuko mapajani, hiyo inakatazwa. Akiba ya sentimita 3 kila upande kwenye mshono wa nyuma. Upindo wa sentimita 10, ushonwe kwa mkono, si kwa mashine, ili matundu ya sindano yasibaki. Ongeza sweta moja ya bluu isiyo na mistari shingoni, kwa sababu sweta zenye kofia mara nyingi hazipiti getini, na madarasa ya Texas mwezi wa nane yana ubaridi wa kiyoyozi unaomtetemesha hata mtoto wa Makambako.

Upindo mshushe kidogo kidogo. Sentimita 4 likizo ya Krismasi. Alama ya mkunjo wa zamani ilowesheni kwa maji na siki nyeupe, nusu kwa nusu, mpige pasi juu ya kitambaa cha pamba. Zilizobaki ziacheni mpaka Agosti.