Mguu Unaanzia Wapi

Nilipompigia mama simu kumwambia nimeanza kufundishwa kodi hospitalini, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama watu wanalipa kwa hiari au mpaka nibishane nao. Alidhani nimewekwa dirishani kukusanya pesa. Nikamweleza kuwa si kodi ya nyumba wala ya serikali, ni misimbo: herufi moja na tarakimu chache zinazosimama badala ya ugonjwa.

"Kwani jina la ugonjwa lina kasoro gani?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Kesho yake nikampelekea swali hilo msimamizi wangu, mama mmoja mnene, mpole wa sauti, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama. Hakunijibu. Alichomoa mafaili matatu akayapanga mezani. Daktari mmoja kaandika HTN, wa pili kaandika "high BP", wa tatu kaandika neno zima na kulikosea. "Presha, presha, presha," akasema huku akigonga moja moja kwa kalamu. "Wote hawa ni I10. Mwisho wa mwezi utawahesabuje kama kila mmoja ana jina lake?"

Ilikuwa mwaka 2009. Nilikuwa mwanafunzi wa kumbukumbu za afya, nimepelekwa atachimenti ya miezi mitatu katika hospitali moja ya wilaya huku kwetu pwani ya Kenya. Chumba cha rekodi kilikuwa nyuma ya famasia, dirisha moja, feni moja inayozunguka ikipenda. Mafaili yalipangwa kwa tarakimu za mwisho: namba husomwa kutoka kulia, mbili mbili, kwa hiyo faili la 04-31-77 hukaa sehemu ya 77, si ya 04. Siku ya kwanza niliona ni ukaidi tu wa wazee wa kazi. Wiki moja baadaye, nilipoona mafaili mapya yanagawanyika rafu zote badala ya kurundikana pembe moja na kututoa jasho sote mahali pamoja, nikafunga mdomo.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vitatu, juzuu za ICD toleo la 10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Juzuu ya kwanza ndiyo yenye misimbo, ya pili ina kanuni, ya tatu ni faharasa. Ile ya tatu ilikuwa imeshikwa uti wa mgongo kwa utepe mweupe wa kufungia bandeji, maana ndiyo iliyofunguliwa zaidi na ndiyo iliyotudanganya zaidi. Ukitafuta moyo, unakuta moyo upo, lakini mbele yake pameandikwa uende ukaangalie ugonjwa. Ukitafuta mguu, hivyo hivyo. Kitabu hakitaki kujua una nini mwilini. Kinataka kujua kimekupata nini. Unaanza na mvunjiko, ndipo unashuka hadi kwenye mfupa. Na ukishapata namba humo huruhusiwi kuiandika mpaka urudi juzuu ya kwanza uisome kwa macho yako. "Faharasa ni dalali," Mama alizoea kusema. "Nyumba nenda kaione mwenyewe."

Chuoni tulikuwa tumefundishwa istilahi za mwili kwa kukariri, kama tulivyokariri alifu na be madrasani, darasa zima kwa sauti moja. "-itis", uvimbe wenye mchomo. "-ectomy", kata utoe. "-otomy", kata ufungue. "-ostomy", toboa uache tundu. Nilipenda sana somo lile, na nilijiona nimeiva. Ukijua "gastro" ni tumbo la chakula na "nephro" ni figo, unaliunga neno refu kama mtu anayeunga mabomba. Balaa likawa kwenye herufi moja moja. "Ilium" ni mfupa wa nyonga, "ileum" ni sehemu ya utumbo mwembamba. "Dysphagia" ni taabu ya kumeza, R13; "dysphasia" ni taabu ya kusema, R47. "Peroneal" iko pembeni mwa mguu chini ya goti, na ukiteleza ukaandika "perineal" umempandisha mgonjwa mpaka kwenye msamba, mahali ambapo hakuwa na shida yoyote.

Nami niliteleza. Wiki ya pili nilipata faili la kijana aliyelazwa siku mbili kwa kuharisha. Ndani daktari kaandika "PE: NAD". Nilikumbuka kwamba PE ni damu iliyoganda na kuziba mishipa ya mapafu, nikampa I26.9, nikashangaa jinsi alivyopona upesi. Mama alilishika faili lile muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "daktari amempima mwili asione kasoro. Ndiyo maana yake. Wewe umemuua nusu." Tangu siku hiyo najua kwamba PE inaweza kuwa uchunguzi wa mwili, ikawa damu iliyoganda mapafuni, na ukiwa wodi ya wazazi ikawa ile presha ya mimba. Ufupisho hausomwi peke yake. Unasomwa na wodi yake.

Kosa jingine lilikuwa la macho tu. Uzazi wa kawaida wa mtoto mmoja ni O80, herufi O. Mimi nikajaza daftari zima la wiki kwa sufuri, 080, na jumla ya mwezi ilipopigwa ikawa kama hakuna mwanamke aliyejifungua salama wiki ile. Toleo la 11, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, limeziacha kabisa herufi O na I kwa sababu zinafanana na sufuri na moja. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu kama mwehu. Kumbe hatukuwa wachache.

Lakini faili lililonifundisha kazi ni la mgema.

Lilishuka kutoka wodi ya wanaume siku ya Alhamisi, karibu na adhuhuri. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, kazi yake imeandikwa kibarua. Kwenye nafasi ya ugonjwa, daktari kaandika: "# (L) LL, fall". Alama ile ya reli ndiyo mvunjiko katika mwandiko wa madaktari. Kwa hiyo: kavunjika kiungo cha chini cha kushoto, kaanguka. Basi, na sahihi chini yake.

Nikafungua faharasa penye mivunjiko, nikateremka mpaka kiungo cha chini, mahali hapakutajwa: T12. Nikarudi juzuu ya kwanza nikaithibitisha kama mwanafunzi mwema. Ipo. Nikaiandika kwa wino mweusi nikampelekea Mama.

"T12," akasoma. "Huyu mtu kafa?"

"Hapana, Mama. Ameruhusiwa leo."

"Faili limeliwa na mchwa?"

"Hapana."

"T12 ni ya hao." Akaliweka faili chini. "Mguu unaanzia wapi?"

Nikashika nyonga yangu. Unaishia wapi? Kwenye vidole, nikasema, swali gani hili.

"Kwenu, ndiyo. Humu umepita milango mitatu. S72 paja. S82 goti mpaka kifundo. S92 wayo. Hata daktari akikuandikia 'leg', kwa istilahi yake ni goti mpaka kifundo tu, paja halimo. Sasa wewe mgonjwa wako umemwacha mlango gani?"

Nikasema daktari hakuandika. Akasema daktari ameshaingia chumba cha upasuaji na mgonjwa yuko kwenye benchi nje ya ofisi ya fedha, anamngoja mwanawe aje na pesa za bili. Akanielekeza kwa kidevu. Nikachukua karatasi nikaenda.

Alikuwepo kweli, kajinyoosha benchi zima, magongo yameegemezwa ukutani. Plasta yenyewe haikunisaidia chochote: ilianzia katikati ya paja ikateremka mpaka karibu na vidole. Nilikuwa na tamaa ya kuhesabu kwa macho nirudi zangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Pesa zimefika?"

Nikamwambia sitoki ofisi ya fedha, natoka rekodi, nataka kujua kuhusu mguu wake uliovunjika.

"Mguu haukuvunjika," akasema. "Umevunjika muundi."

Labda uso wangu ulionyesha kwamba neno lile nililisikia mara ya mwisho kwa bibi yangu, kwa sababu alichukua gongo moja akaanza kunisomesha juu ya plasta, akigonga taratibu. Hapa paja. Hapa goti, na hiki cha mbele ni kilegesambwa. Huku nyuma ni tafu. Huu wa mbele, unaoukwaruza mnazi kila siku ya Mungu, ndio muundi. Hapa kifundo, hapa kisigino, huku chini wayo. Hakusita hata mara moja. Mimi niliyekariri "tibia" na "fibula" mwaka mzima, mkononi nilikuwa na neno moja tu la Kiswahili, mguu, nalo lilikuwa kubwa kama gunia.

Akachomoa picha ya eksirei kutoka bahasha kubwa ya kaki, tukaielekeza kwenye jua pamoja. Mfupa mnene ulikuwa umekatika mshazari katikati, wazi kabisa, na ule mwembamba wa pembeni umepasuka juu kidogo. Kwa kitabu chetu ule mwembamba haubadilishi kitu: muundi ukivunjika katikati ni S82.2, uwe na mwenzake au usiwe naye. Kisha kitabu kinataka kujua kama ngozi ilipasuka. Nikamuuliza kama mfupa ulitoka nje. Akasema haukutoka, ila aliuona ukisukuma ngozi kama kidole ndani ya soksi. Sijamsikia daktari akieleza mvunjiko wa ndani vizuri kuliko hivyo. Nikaandika sufuri mwishoni: S82.20.

Baada ya jeraha kuna sababu. Kuanguka kutoka mtini ni W14, na tarakimu inayofuata ni ya mahali. Hapa nikajitia ukarani.

"Mnazi ulikuwa wapi mzee? Nyumbani, shuleni, barabarani, shambani?"

"Mnazi, barabarani?"

"Ndivyo fomu inavyouliza."

"Shamba la watu," akasema. Saba. W14.7.

"Na wakati huo ulikuwa kazini, au michezoni, au…"

Aliniangalia mpaka nikaona haya. "Binti yangu, wewe umewahi kuona mtu akakwea mnazi kwa matembezi?"

Ndipo akanihadithia. Ilikuwa jioni, safari yake ya pili siku ile, kibuyu ubavuni na kotama kiunoni. Kwenye kilele alishika kuti ambalo asubuhi lilimbeba. Jioni halikumbeba. Hakulaumu mnazi, wala mwenye shamba, ambaye alimleta hospitalini kwa gari lake kisha hakuonekana tena. Alichosikitikia ni tembo lililomwagika. Aliniambia na kiasi, kwa chupa.

Akataka kuona nilichoandika. Nikamsomea: S, themanini na mbili, nukta ishirini. Nikamwambia hiyo W ni kuanguka kutoka juu ya mti.

"Mti? Hawana mnazi humo?"

"Ni miti yote pamoja."

"Na mtu akiangukiwa na nazi?"

Hiyo nilikuwa naijua, W20, kitu kinachoanguka, nikamtajia haraka kama mtoto aliyeulizwa jibu analolijua. Akatikisa kichwa, amefurahi kweli. Kisha akaishika karatasi karibu na macho, ingawa sidhani alikuwa akisoma.

"Na kushoto umeandika wapi?"

Nikamwambia angoje. Nikarudi chumbani, nikafungua juzuu ya kwanza penye S82, nikasoma juu, nikasoma chini, nikasoma maelezo ya mwanzo wa sura. Nikamuuliza Mama kushoto kuko wapi.

"Hakuna."

"Vipi hakuna?"

"Wanahesabu miundi, mwanangu. Hawahesabu pande." Aliisoma karatasi yangu, akaikata ile T12 kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika S82.20 na W14.7 kwa mwandiko wake mzuri, akatia sahihi. Hakunisifu. Alinipa faili linalofuata.

Niliomba dakika mbili. Nje, mwana wa yule mzee alikuwa amefika, na wanaume watatu walikuwa wakimwingiza ndani ya tuktuk kinyumenyume, plasta imenyooka kama boriti, haikunjiki. Nikamsogelea nikamwambia nimetafuta, mzee, kitabu hakina nafasi ya kushoto.

"Na daktari yeye aliandika nini?"

"Aliandika kushoto."

"Akaandika na muundi?"

"Hapana."

Alicheka mpaka mwanawe akageuka kuangalia kama ameumia. Kisha dereva akapiga moto, na tuktuk ikatoka lango la hospitali ikienda pole pole, mguu wa plasta umetokeza nje ubavuni, upande wa kushoto, pikipiki zikiukwepa.