Kitambaa cha namba 17

Kaka amepeleka mahari, mkataba wangu wa kazi umesogezwa hadi Desemba, na bado usiku nikilala kinachorudi ni maneno matatu ya yule bibi wa nyumba namba 17: "Nilikifunika kisichafuke, mwanangu."

Mnajua tunavyofanya. Kipimo cha hewa kinakaa kwenye nyumba saa 24, kimo cha mtu aliyeketi kwenye kigoda, kinavuta hewa kwa tundu dogo na mwanga wa leza unahesabu chembe zinazopita, zile ambazo unywele mmoja unazizidi unene kama mara thelathini na zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Masika haya majiko ya mkaa yametoka uani yakaingia koridoni. Hizi ndizo siku nilizozisubiri tangu Januari.

Jumanne nikapiga hodi, shikamoo, marahaba. Kipimo kimeviringishwa kitambaa cha meza, cheupe, kimedariziwa waridi kwenye pindo, kimepigwa pasi. Kwenye kompyuta mstari ulikuwa umelala tangu saa kumi na mbili jioni.

"Bibi, umeniharibia kazi yote."

Nilisema hivyo, mbele ya mjukuu wake. Naye hakujitetea. "Nilikifunika kisichafuke, mwanangu. Si ulisema nikitunze?" Akakikunja kitambaa mara nne, taratibu, akakiweka mapajani.

Ni kweli nilisema. Jumatatu, mlangoni, huku naangalia saa: kitunze bibi, ni cha gharama. Na yeye akakitunza. Alijua hewa ya korido ile inachafua, alijua bila leza yoyote, akatoa kitambaa chake kizuri kuliko vyote akakikinga kifaa changu. Yeye na mtoto wakabaki nje ya kitambaa.

Ijumaa nilirudi kuomba radhi. Hakuniacha nimalize. "Kaa unywe chai kwanza." Tukakiweka kipimo upya, safari hii nikamweleza lile tundu ni pua yake, na jana nikamfungulia mstari wote auone. Nimeuchorea alama nyekundu kwenye 15, maana tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa chembe hizo kwa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Akausoma kwa kidole kama anayesoma juzuu. "Hapa nawasha. Hapa maharage. Hapa nimeongeza mkaa." Kisha akafika kwenye kilima kimoja cha saa mbili usiku ambacho mimi sikukielewa, jiko lilikuwa limeshazimwa. Akacheka. "Huo udi, mwanangu."

Fomu yetu ina mkaa, kuni, mafuta ya taa na gesi. Udi haumo! Miezi yote hii, nyumba zote hizi, na hakuna aliyeuliza. Nimeuandika kwa kalamu pembeni, kesho namwambia Daktari, na furaha niliyo nayo siwezi kuieleza.

Ila Mama amenipigia mara mbili wiki hii na hakuitaja harusi hata kidogo. Sijui kuna nini.