Kushika mkia si mpango

Mjomba wangu wa Mikindani alidhani namtania. Nilikuwa namweleza kwa WhatsApp kwamba huku Marekani timu ya magongo ya barafuni ikishika mkia haishuki daraja. Inapata nafasi kubwa zaidi ya kuwa ya kwanza kuchagua chipukizi wa miaka 18.

"Mjomba, yaani ufungwe, halafu uzawadiwe?"

Mtu aliyeiona Ndanda, timu yao ya soka ya Mtwara, ikishuka 2020 ana haki ya kuuliza hivyo.

Nikampa kisa cha hapa Buffalo, Machi 2015. Mashabiki wa Sabres, timu yetu ya magongo, uwanjani kwao, kwa tiketi walizolipia, walishangilia bao la wapinzani wao, Arizona, katika muda wa nyongeza. Walitaka timu yao imalize ya mwisho ili impate Connor McDavid, chipukizi aliyetakiwa na wote mwaka huo. Ikamaliza ya mwisho kweli, ila bahati nasibu ya nani achague kwanza ikaiangukia timu ya Edmonton. Sabres wakamchukua Jack Eichel, si mchezaji wa kubeza, lakini 2021 wakampeleka Vegas, na 2023 akabeba Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi, huko huko. Mwaka huo huo wa 2021 walimwachia Sam Reinhart aende Florida. Ndiye aliyefunga bao la ushindi mechi ya saba ya fainali ya 2024, tena dhidi ya Edmonton ya McDavid. Buffalo? Misimu 14 mfululizo hadi 2025 bila kucheza mtoano.

Bado kuna wenzangu kazini wanaosema dawa ni kuuza wakongwe wote na kukusanya watoto. Sikubali. Kijana ukimtupa barafuni bila mkubwa wa kumwelekeza, anachozoea ni kufungwa, na akishaiva anaomba kuondoka.

Mjomba alinielewa tulipofika kwenye mikorosho. Mizee huikati yote msimu mmoja. Safu hii unaikata na kuibebesha vikonyo bora vya kituo cha utafiti cha Naliendele, safu ile unaendelea kuipulizia salfa, maana ada ya shule haisubiri.

Mimi ningebakiza wakongwe watatu wanne, kipa mzoefu akiwemo, na mkataba mrefu nisingempa aliyevuka miaka 30, kwa kuwa ligi ina ukomo wa mishahara na huwezi kufuta kosa kwa hela. Vegas walianza 2017 na wachezaji ambao klabu nyingine hazikuwalinda wasichukuliwe na timu mpya, wakacheza fainali msimu huo huo. Chaguo la kwanza kabisa la chipukizi hawajawahi kulipata.