Makazi mapya ya mijusi wangu

Jamani, hatimaye boksi la kioo la mijusi wangu limekamilika! Ni Phelsuma laticauda kutoka Madagaska, wale wa kijani wenye vumbi la dhahabu shingoni. Hawa wangu wamezaliwa kwa mfugaji hapahapa Ujerumani.

Chini kuna kokoto za kuchuja maji, juu yake wavu, kisha udongo uliochanganywa na makumbi ya nazi. Nimesimamisha vipande vya mianzi minene na kupanda sansevieria, mmea wenye majani marefu yaliyosimama, kwa sababu wanapenda kukaa kwenye vitu vilivyo wima na vyenye uso laini. Mimea niliiacha ishike mizizi kwanza ndipo nikawaingiza. Hapo msiwe na haraka kabisa.

Taa ya joto inafikisha kama digrii 30 pale juu wanapoota joto. Taa ya UVB, yaani ya mionzi kama ile ya jua, nayo ni lazima, la sivyo mifupa hulegea.

Asubuhi nikishapuliza maji, jike hutoka ndani ya mwanzi, akalamba matone kwenye jani, kisha akajipangusa jicho kwa ulimi, maana hana kope. Naweza kumtazama hadi chai ipoe! Ila siwashiki, ngozi yao huchanika upesi.

Sasa natafuta bromelia ndogo (mmea wa jamii ya nanasi) isiyopigwa dawa. Mwenye nayo aniambie.