Boti Isiyo na Nahodha

Juma hili harusi ya binamu imepita salama na uhamisho wa mume wangu kwenda Masasi umethibitishwa, lakini kinachoninyima usingizi ni sentensi moja ya Mzee.

Mdogo wangu wa Orlando alituma video ya mchezo mpya wa maji, Infinity Falls, uliofunguliwa mwezi huu wa Oktoba 2018 katika bustani ya SeaWorld. Watu wanane hukaa kwa kuelekeana katika boti ya mviringo, wakachukuliwa na mkondo unaowazungusha ovyo kati ya miamba, kisha boti ikapandishwa wima kwa lifti na kuachiwa iporomoke kama mita 12. Nilimwonyesha Mzee barazani baada ya alasiri, nikiusifu. Akatazama hadi mwisho.

"Nahodha wao yuko wapi?"

"Hawana nahodha, baba. Wanapelekwa na maji."

"Nao wamelipa?"

"Wamelipa."

Akanirudishia simu. "Haya, mwanangu. Wangu ulikataa kuupanda bure."

Wangu, yaani ule mtumbwi wake wa Kilambo aliokuwa akivushia watu Mto Ruvuma. Nilikataa nikiwa msichana wa shule, baada ya kiboko kuibuka hatua chache kutoka pale abiria walipokuwa wakipandia, na hadi leo sioni mwenye akili timamu ambaye angekubali. Hata hivyo maneno hayo yamenifuata jikoni na dirishani kwangu benki, ambako nashukuru hesabu ilifungwa bila upungufu. Angekuwa amekasirika ningejitetea. Aliyasema kwa sauti ileile anayoombea chumvi.

Alhamisi jioni aliitaka simu mwenyewe. Safari hii aliuliza maji yale yanatoka wapi, nami nikamweleza kwamba mto ule hauna chanzo wala bahari: pampu kubwa huyarudisha maji juu kutoka bwawani, yakateremka tena mferejini, na vizuizi vilivyowekwa humo ndivyo vinavyoyatibua yawe mawimbi. Mchezo wa kwanza wa namna hii ulijengwa AstroWorld, Houston, mwaka 1980, na wazo lake lilitokana na mfereji wa Augsburg, Ujerumani, ulioandaliwa kwa mashindano ya mitumbwi ya Olimpiki ya 1972.

"Basi pampu ikizimika, boti inakaa chini," alisema kabla sijamaliza.

Ndivyo ilivyokuwa Dreamworld, Australia, Oktoba 2016: pampu ilizimika, maji yakapungua, boti tupu ikakwama, iliyobeba watu ikaigonga, na wanne wakafa. Mzee aliwaombea rehema, kisha akazungumza hadi isha kuhusu mafungu ya mchanga ya Ruvuma, yanayohama kila masika, na jinsi alivyoyatambua kwa macho: maji yakikunjamana juu, chini kuna fungu, yakitulia, pana kina. Sikuwahi kumsikia akiieleza kazi yake kwa urefu namna ile, wala sikumbuki lini nilicheka hivyo kama alipoapa kwamba kiboko yule alikuwa na adabu kuliko abiria wake wengi. Kuhusu kiboko bado hatujakubaliana.

Ningeendelea kuandika, ila korosho zetu zimelala ghalani tangu wakulima wa Tandahimba na Newala walipokataa bei za mnada, chuo kinadai ada ya binti yangu, na sijui vyombo vya kwenda Masasi vitasafirishwa kwa fedha ipi.