Safu ya pati kwenye kadi ya gofu inadanganya: jinsi ya kujua mikwaju yako inapotelea wapi

Mchezaji wa gofu anayekosa grini nyingi (eneo la majani mafupi lenye shimo) lakini akachipu, yaani akausogeza mpira kwa mkwaju mfupi, hadi futi 3 kutoka shimo kila mara atamaliza raundi na pati chache za kujivunia (mikwaju ya kuviringisha mpira kwenye grini). Mwenzake aliyefika grini 12 kwa mikwaju inayotakiwa, yaani akibakiwa na pati mbili za kupata par, anaweza kumaliza na pati 34. Ukisoma safu ya pati peke yake, huyu wa pili ndiye utakayemtuma akafanye mazoezi ya pati, ilhali pengine ndiye aliyecheza gofu bora. Kadi haikuonyesha kila pati ilianzia umbali gani.

Aliyeziba pengo hilo ni Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akitumia data ya ShotLink, mfumo unaorekodi kila mkwaju wa PGA Tour, ziara ya wachezaji wa kulipwa Marekani. Popote mpira ulipo, kuna wastani wa mikwaju ambayo wachezaji wa ziara hiyo huhitaji kumaliza shimo. Chukua wastani wa pale ulipopigia, toa wastani wa pale mpira ulipofika, kisha toa 1. Kinachobaki ndicho ulichovuna au ulichopoteza kwa mkwaju huo.

Tuseme ni par 4 (shimo linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne) ya yadi 400, wastani 3.99. Draiva, mkwaju mrefu wa kwanza, inaingia rafu (majani marefu ya pembeni), zimebaki yadi 160, wastani 3.23: umepoteza 0.24. Mkwaju wa pili unatua bankani (shimo la mchanga), yadi 20 kutoka shimo, wastani 2.53: umepoteza 0.30. Unatoka mchangani na mpira unasimama futi 20, wastani 1.87: 0.34 imekwenda. Pati mbili, 0.13. Jumla umepoteza 1.01, yaani bogi, mkwaju mmoja juu ya par. Wengi wangelaumu banka, na kweli ndipo ilipopotea sehemu kubwa kwa mkwaju mmoja, lakini 0.54 ilikuwa imeshapotea kabla hujaingia mchangani.

Kurekodi si kazi ngumu. Kwa kila mkwaju andika vitu viwili tu: umbali uliobaki hadi shimo na mahali mpira ulipolala. T ni tii (mahali pa kuanzia shimo), F feawei (njia ya majani yaliyokatwa), R rafu, B banka, G grini, K ni pale miti inapokulazimisha kutoka pembeni. Matokeo ya mkwaju huonekana kwenye mstari unaofuata. Nje ya grini tumia yadi. Kwenye grini hesabu hatua, hatua moja ndefu ikiwa karibu futi 3. Adhabu ipe mstari wake, na uihesabu kwa mkwaju ulioileta. Jaza ukiwa unaelekea tii inayofuata. Anayesubiri hadi jioni huandika raundi aliyoitamani, si aliyoicheza. Na zile pati fupi mnazopeana kirafiki, zipige, la sivyo hutajua kamwe kama futi 3 ni tatizo lako.

Raundi moja haisemi kitu. Kusanya angalau tano ndipo ugawanye katika mafungu manne: tii, mikwaju ya kuelekea grini, mikwaju mifupi, na pati. Ukijilinganisha na wachezaji wa PGA Tour utakuwa hasi kila mahali, usishtuke. Kwa mujibu wa hesabu za Broadie, takriban theluthi mbili ya tofauti kati ya wachezaji hutokana na mikwaju ya zaidi ya yadi 100. Kwa hiyo ukikuta nusu ya hasara yako iko kwenye pati, hiyo si kawaida, na hapo ndipo pa kuanzia. Programu kama Arccos hukulinganisha na watu wa handikapu yako (kiwango chako cha uchezaji), na hilo ni la haki zaidi.

Baada ya hapo chimba ndani ya fungu lililokula zaidi. Kwenye mikwaju ya kuelekea grini, hesabu mingapi ilifika fupi na mingapi ilipita. Wachezaji wa kawaida hufika fupi mno, kwa sababu huchagua aini (fimbo ya chuma) kwa ule mkwaju bora waliowahi kupiga, si kwa wastani wao. Kwenye tii usihangaike sana na asilimia ya feawei. Hesabu adhabu na zile K, kwani kukosa feawei kwa yadi 5 na kupotelea msituni si kosa moja. Kwenye pati tazama zile za zaidi ya futi 30. Hata PGA Tour wastani wa futi 33 ni pati 2, na futi 8 huingia nusu tu. Pati tatu mara nyingi huletwa na ya kwanza kuachwa mbali, kwa hiyo zoezi lake ni kasi.

Onyo kwa wanaocheza bara na pwani: usichanganye umbali wa Nairobi na wa Mombasa. Kwa mwinuko wa Nairobi, aini inayofika yadi 150 pale huweza kuishia karibu 140 katika uwanja wa Nyali, Mombasa. Rafu nayo itenge kwa uwanja, maana majani ya kikuyu hushika mpira kuliko majani mengi mengine.