Otoklevu ya Mbeya na hesabu ya gozi: ninavyoiandaa thieta

Kila aliyenielekeza otoklevu, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, nilipoingia thieta, yaani chumba cha upasuaji, alisema kitu kimoja: geji ya shinikizo ikifika paundi 15, hesabu dakika 30 kwa vifaa vilivyofungwa kwenye kitambaa, zima. Kwa Tanga au Dar es Salaam ni sawa. Kwa Mbeya ni ushauri mbaya, na inaniudhi kwamba bado wanafunzi wanapewa.

Geji haisomi shinikizo lote lililomo ndani. Inasoma tofauti kati ya ndani na nje. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya nje ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage yetu yanakula mkaa. Geji ikionyesha 15 huku, mvuke wa ndani uko kama nyuzi 118, wakati tunataka 121. Nyuzi tatu hizo si ndogo: vijidudu sugu vinahitaji karibu muda mara mbili ili vife. Kanuni ninayoitumia ni nusu paundi kwa kila mita 300 za mwinuko. Mbeya inatoka karibu 18. Njombe, kwenye mita 2,000 hivi, inapita 18 kidogo. Kabla hujapandisha, soma kibati cha mashine uone mwisho wake na uhakikishe valvu ya usalama inafanya kazi. Kama mashine haifiki huko, ongeza muda. Zile za kisasa zinazojiongoza kwa joto hazihitaji haya, ziache zifanye kazi yake.

Sasa, kupandisha geji peke yake hakukutosha, na hapa ndipo nilipojifunza otoklevu kwelikweli. Niliweka vikaratasi vya kiashiria, vinavyobadilika rangi mvuke ukivifikia, katikati ya dramu, yaani kopo la chuma lenye matundu la kuwekea vifaa, siyo utepe wa nje tu. Utepe wa nje ukipata mistari myeusi unakuambia pakiti imeonja joto, basi. Hausemi mvuke ulifika katikati. Kwa 18, dramu ya juu ilipita. Ya chini ikagoma: utepe mweusi tii, kikaratasi cha ndani kimebadilika nusu. Nikaongeza dakika kumi, ikagoma tena. Wengine wakasema vikaratasi vimekwisha muda. Havikuwa vimekwisha.

Kilichokuwa kinatusumbua ni hewa. Hewa ni nzito kuliko mvuke, inakaa chini, na isipotolewa geji inapanda vizuri tu huku chini hakuna joto linalotakiwa. Valvu ya kutolea hewa ilikuwa inafungwa mara tu mvuke unapoanza kutoka kwa kukohoakohoa. Iache wazi mpaka mvuke utoke mfululizo, mkavu, usiokatika, kisha iache dakika tano nyingine ndipo ufunge. Muda uanze kuhesabiwa joto likishafika, siyo moto ulipowashwa. Pia dramu ilikuwa imeshindiliwa. Gauni na shuka zisimame wima kama vitabu kwenye rafu, na kiganja kipite katikati yake bila kulazimisha. Mikasi na klempu, yaani vibanio, ziwe wazi, zikifungwa meno mvuke hauingii. Gasketi, mpira wa kuziba mlango, nayo ilikuwa imechoka, inavuja upande mmoja. Fundi na mpira wenyewe vilikula kama elfu themanini na kitu. Baada ya hapo dramu ya chini ilipita, na mpaka leo inapita. Niliiona furaha ya timu nzima siku ile.

Kisha baridi. Juni na Julai pakiti ya moto ukiitoa na kuilaza juu ya meza ya chuma au saruji, chini yake inatoka jasho. Pakiti iliyolowa si safi hata kama imekaa nyuzi 121 saa nzima, kwa sababu maji yanavuta vijidudu kutoka nje kupitia kitambaa. Wengi wanaianika dirishani, jambo baya zaidi. Ninachofanya: nikishatoa mvuke wote na geji kurudi sifuri, nafungua mlango upana wa kidole na kuacha hivyo nusu saa. Joto la kuta linakausha kila kitu. Vikitoka naviweka kwenye rafu ya mbao iliyotandikwa shuka kavu, siachi mtu aguse mpaka vipoe. Matundu ya dramu yafungwe hapo hapo, tarehe iandikwe. Na kabla ya yote hayo, vifaa vilivyotumika vilowekwe kwenye Jik ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sita za maji, dakika 10 tu. Ukivisahau humo vinaota kutu kwenye bawaba, na mkasi wenye kutu haukati wala hautakasiki.

Hiyo ndiyo nusu ya kazi, nusu ambayo mgonjwa haioni. Watu wanadhani nesi wa thieta ni wa kumpa daktari mkasi. Kazi yetu ni kwamba kinachoingia tumboni kiwe kimetakaswa, na kilichoingia kitoke.

Kwa upasuaji wa mama mjamzito, mashine ya kunyonya inajaribiwa kabla mama hajaingia. Mpira wa mkojo unawekwa mapema, kibofu kikijaa kinakuwa kwenye njia ya kisu. Kwa ganzi ya mgongo, kabari iwekwe chini ya nyonga ya kulia ili mama aegemee kushoto na mshipa mkubwa usibanwe. Antibayotiki ya kinga ipite kabla ya kisu, ndani ya dakika 60. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 ina vipengele 19 katika vituo vitatu, kabla ya ganzi, kabla ya kukata, kabla ya mama kutoka chumbani. Isomwe kwa sauti. Kutia vema tu baada ya kazi ni udanganyifu. Kwa mtoto, washa hita mapema na pasha mataulo, maana chumba cha huku asubuhi kinakuwa baridi kuliko ngozi ya mtoto inavyoweza kuvumilia.

Hesabu ya gozi, vitambaa vya kufyonza damu, tunaifanya wawili, skrabu (nesi anayempa daktari vifaa) na ranna (nesi anayezunguka chumbani), kwa sauti na kwa macho, ranna anaandika ubaoni. Gozi zinakuja tano tano au kumi kumi. Fungu likikutwa na nne au sita, usijaribu kulijazia, lote litoke chumbani kabla ya kuanza. Mopu za tumbo, gozi kubwa zenye mkia, mkia ubanwe na klempu na ubaki nje ya jeraha. Hesabu ya kwanza ni kabla ya kisu, ya pili kabla ya kufunga mfuko wa uzazi, ya tatu kabla ya kufunga tumbo, ya mwisho kwenye ngozi. Sindano zihesabiwe vilevile. Ranna akibadilishwa katikati, mnahesabu upya. Gozi zilizolowa zipangwe tano tano juu ya shuka la mpira sakafuni, zisirundikwe kwenye ndoo. Ukizipima kwenye mizani na kutoa uzito wa kavu, kila gramu ni kama mililita moja ya damu, na mama akikaribia lita moja daktari na mtu wa usingizi wajue mapema. Maji ya uzazi yaliyomo kwenye chupa ya kunyonya yasomwe kabla damu haijaanza kuingia, la sivyo hesabu ya damu inapotea.

Ikipungua moja, usione haya na usimsubiri mtu mkubwa aseme. "Dokta, mopu moja haijaonekana, naomba tusifunge." Daktari anatazama tumboni, nyuma ya kizazi na pembeni ya ini. Ranna anaanza sakafuni, chini ya miguu, kwenye mikunjo ya shuka, kwenye ndoo, chini ya makalio ya mama. Halafu afungue bakuli la kondo la nyuma, ageuze kondo, afungue utando wake. Gozi inapenda kujikunja humo, imelowa damu, haina tofauti na nyama. Wengi wanapeleka kondo nje kabla ya hesabu kukamilika. Kondo lisitoke chumbani kabla hesabu ya gozi haijakamilika. Isipoonekana popote, picha ya eksirei ipigwe, ndiyo maana tunanunua gozi zenye uzi unaoonekana kwenye picha. Kama hakuna eksirei ya karibu, andika kwenye faili kwa majina ya wote waliokuwemo kwamba hesabu haikukamilika, na mama apigwe picha kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.